Barua ya wazi kwa wakuu wa benki na wasimamizi wao: Mkifunga dirisha, kazi ya dirishani inahamia wapi?

Kwa Wakurugenzi Watendaji wa benki, wajumbe wa bodi zao, na Magavana wa benki kuu mnaowasimamia.

YAH: KAZI ZA TAWI AMBAZO HAZIJAHAMIA KWENYE SIMU

Waheshimiwa,

Ninawaandikia nikiwa mteja wa kawaida, mwenye akaunti ya mshahara na akaunti ndogo ya akiba, ninayelipa bili karibu zote kwa simu na nisiyekuwa na hamu yoyote ya kurudi kwenye foleni kwa ajili ya kuuliza salio. Nalitaja hili mapema kwa sababu kila anayehoji kufungwa kwa matawi hupachikwa jina la mtu anayeogopa teknolojia, kisha hoja yake ikawekwa kando. Mimi sidai kwamba tawi ni bora kuliko simu. Ninachosema ni kwamba tawi lilikuwa likifanya kazi nyingi ambazo hazikuandikwa popote kwenye orodha ya huduma zenu, na mlipohamishia miamala mtandaoni mlihamisha zile zilizoandikwa peke yake. Zilizobaki ameachiwa mteja azifanye mwenyewe, bila mafunzo na bila ujira, na hasara ikitokea huambiwa ni yake.

Mabadiliko yenyewe hayakuanza jana. Barclays ilizindua mashine yake ya kwanza ya kutolea fedha huko Enfield, London, tarehe 27 Juni 1967. Oktoba 1995 wateja wa Marekani walifunguliwa Security First Network Bank, benki iliyotoa huduma zake kwa njia ya intaneti, na Machi 2007 M-Pesa ikaanza nchini Kenya kwa simu za kawaida kabisa. Katika kila moja ya hatua hizo mteja aliongezewa njia bila kunyang'anywa nyingine. Mashine ilikuwa kwenye ukuta wa tawi, na aliyeshindwa kuitumia aliingia ndani. Hata M-Pesa, inayotajwa mno katika mikutano kuwa ni ushindi wa teknolojia, ilienea kwa sababu kulikuwa na wakala, mtu aliyekaa mahali panapojulikana, akapokea noti, akamweleza mteja kwa nini muamala umegoma. Jambo jipya katika miaka yetu ni kwamba njia ya zamani inazibwa kabla hatujakubaliana kwa maandishi ni nani atakayezifanya kazi zilizokuwa zikifanyika humo.

Mtazameni karani wa dirishani anapopokea fomu ya kuhamisha fedha kutoka kwa mteja mwenye umri mkubwa. Anaisoma saini, anaigeuza kadi ya utambulisho, anamtazama mwenyewe usoni. Akiona kiasi kilichoandikwa kwa tarakimu hakilingani na kile cha maneno, anairudisha fomu chini ya kioo akiwa ameweka alama ya kalamu mahali pa kurekebisha. Akiona jina la mpokeaji ambalo halijawahi kupita kwenye akaunti ile, anauliza kwa sauti ya kawaida tu, kana kwamba wanapiga soga: “Mzee wangu, huyu unamfahamu?” Mzee akijibu kwamba ni kijana aliyempigia simu asubuhi, akamwambia akaunti yake iko hatarini na fedha zihamishwe haraka, karani anaweka kalamu chini na kumwita msimamizi wake. Muamala hautoki. Sijapata kuona kitabu cha makato kinachotaja swali lile kuwa ni huduma, wala ripoti ya mwaka inayojaribu kuhesabu fedha lilizookoa.

Katika dakika zile chache karani amethibitisha utambulisho, amesahihisha kosa, amemchunguza mpokeaji, amemkinga mteja dhidi ya tapeli, na mwishoni, muamala ukiwa halali, amempa karatasi yenye muhuri inayoonyesha nani alimhudumia na lini. Kwenye programu ya simu kazi zote hizo zimegeuzwa kisanduku kimoja cha kutia tiki, kinachosema kwamba mteja amehakiki taarifa zote na amekubali masharti. Tiki hiyo ndiyo inayoletwa mbele yake siku anapolalamika.

Naomba nikae kidogo kwenye jambo ambalo wabunifu wa programu zenu wanaliona dogo, nalo ni ule ujumbe usemao: “Hitilafu imetokea, tafadhali jaribu tena baadaye.” Mteja analipa kodi ya nyumba siku ya mwisho. Amejaza kiasi, amebonyeza kitufe cha kuthibitisha, kiduara kimezunguka, mtandao umeyumba, kisha ujumbe huo ukatokea pasipo namba ya kumbukumbu. Je, fedha zimetoka au hazijatoka? Salio halijabadilika, lakini salio nalo huchelewa kubadilika. Mpokeaji anasema hajaona kitu, lakini benki yake ni nyingine. Mteja anajaribu tena kama alivyoagizwa, na siku ya pili anakuta amelipa mara mbili. Anapopiga simu kituo cha huduma kwa wateja, baada ya muziki na matangazo, jambo la kwanza anaulizwa namba ya kumbukumbu, ileile ambayo programu haikumpa.

Wataalamu wenu wa mifumo wanajua tiba yake, kwa kuwa ni kanuni ya kawaida katika uundaji wa mifumo ya malipo: kila muamala upewe namba yake ya pekee kabla haujaondoka kwenye simu, ili ukifika mara ya pili kwa namba ileile mfumo utambue kuwa ni uleule na usiutekeleze tena. Kinachobaki ni uungwana wa kumwonyesha mteja namba hiyo na kumweleza ukweli, kwamba hatima ya muamala bado haijajulikana, kwamba asiutume tena, na kwamba atajulishwa kabla ya saa iliyotajwa. Karani aliyekwamishwa na mtandao hakukwambia urudi baadaye huku fedha zako zikiwa mkononi mwake. Alikuandikia risiti au alikurudishia fedha zako. Sioni kwa nini mashine iruhusiwe adabu pungufu kuliko mtu.

Kuhusu utapeli, mmetufundisha mengi, na baadhi ya mafunzo yenu yanabomolewa na idara zenu wenyewe. Idara ya usalama inatuonya tusibofye kiungo chochote kilichokuja kwa ujumbe mfupi; wiki hiyohiyo idara ya masoko inatutumia ujumbe wenye kiungo cha kuomba mkopo. Tunaambiwa benki haitatupigia simu kuomba taarifa binafsi, halafu anapiga mtu wa benki kweli kweli, kwa namba tusiyoijua, na kabla hajasema shida yake anataka tarehe ya kuzaliwa “kwa ajili ya uhakiki”. Mteja anayetii onyo la kwanza anaonekana msumbufu kwa yule wa pili. Tapeli hahitaji kubuni chochote. Anaiga tu sauti, mpangilio na haraka ambavyo benki imeshawazoesha wateja wake.

Singapore walilitazama jambo hili kwa uzito baada ya wimbi la ujumbe wa kughushi mwishoni mwa 2021. Januari 2022 mamlaka ya fedha ya huko pamoja na umoja wa benki walitangaza kwamba viungo vya kubofya viondolewe katika barua pepe na ujumbe mfupi unaotumwa kwa wateja wa kawaida, na kwamba zisipungue saa 12 kabla kifaa kipya cha uthibitisho kwenye simu hakijaanza kufanya kazi. Saa 12 ni karaha kwa mtu aliyenunua simu mpya, na huenda ningenung'unika kama mwingine yeyote. Lakini kuchelewa huko ndiko kunakompa mtu nafasi ya kushtuka, kumpigia mwanawe, kupokea taarifa kwamba kuna simu ngeni iliyosajiliwa kwenye akaunti yake. Mfumo umejaribu kufanya kwa muda kile ambacho karani alikifanya kwa swali.

Jina la mpokeaji nalo lina kisa chake. Kwa miaka mingi, katika nchi nyingi, mteja alitakiwa kuandika namba ya akaunti na jina la anayelipwa, naye akaamini, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angeamini, kwamba benki inavilinganisha. Kumbe mfumo ulisoma namba peke yake. Tangu tarehe 9 Oktoba 2025 benki za nchi zinazotumia yuro zinawajibika kulinganisha jina na namba na kumtahadharisha mteja kabla hajaidhinisha malipo. Uingereza ilianza utaratibu wa namna hiyo mwaka 2020. Pale ambapo huduma hii haijawekwa, uwanja wa jina kwenye fomu ya simu unampa mteja matumaini ya bure, na ningeshauri bora uondolewe kuliko kuachwa ukidanganya.

Vivyo hivyo namba za uthibitisho zinazotumwa kwa ujumbe mfupi. Mwaka 2017 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliiweka njia hiyo katika kundi la njia za kutumiwa kwa tahadhari, kwa kuwa laini ya simu inaweza kuhamishwa na mhalifu aliyemdanganya mhudumu wa kampuni ya simu, na namba iliyoachwa muda mrefu inaweza kugawiwa mtu mwingine. Mteja aliyebadilisha namba akasahau kuitaarifu benki hufungiwa nje ya akaunti yake, na njia pekee ya kurekebisha ni kufika tawini na kitambulisho. Tawi lipi, ikiwa lililo karibu limefungwa kwa hoja kwamba kila kitu kinapatikana kwenye simu?

Hapa niwageukie Waheshimiwa Magavana, kwa sababu sidhani kwamba benki itajifunza upya swali la karani kwa hiari yake ilhali hasara inabebwa na mwingine. Uingereza, kuanzia tarehe 7 Oktoba 2024, aliyedanganywa akatuma fedha mwenyewe kwa mfumo wao wa malipo ya papo hapo ana haki ya kurudishiwa hadi pauni 85,000, na gharama hiyo hugawanywa nusu kwa nusu kati ya benki iliyotuma na benki iliyopokea. Mgawanyo huo ndio ninaoupenda zaidi. Tapeli naye ana akaunti. Kuna benki iliyomfungulia, ikapokea nyaraka zake, ikaziangalia fedha zikiingia na kutolewa ndani ya saa moja. Kwa muda mrefu benki ya upande huo ilikaa kimya kana kwamba shauri halikuihusu.

Najua jibu mtakalotoa, kwamba kurudisha fedha kutawafanya wateja wawe wazembe. Kanuni ya Uingereza imeacha nafasi ya kumnyima aliyekuwa mzembe kupita kiasi na aliyeshiriki hila, isipokuwa uzembe huo hauwezi kutumiwa dhidi ya mtu aliyekuwa katika hali ya udhaifu. Na kwa kweli, mtu aliyemaliza akiba ya maisha kwa dakika kumi akilia kwenye simu hakufanya hivyo kwa kutegemea fidia.

Liko jambo lingine ambalo halizungumzwi kwa sababu kila mtu analivunja, benki zinajua, na wote tunajifanya hatuoni. Katika familia nyingi mzazi aliyepungukiwa na macho, au asiyeielewa simu ya kisasa, amemkabidhi mtoto au mjukuu simu pamoja na namba ya siri. Masharti ya benki yanasema anayetoa namba yake ya siri amejiondolea kinga. Kwa hiyo mtu mnyonge kuliko wote katika mfumo wenu ndiye huyohuyo mliyemwondolea ulinzi, na kosa lake ni kwamba mlimpa chombo asichoweza kukitumia peke yake. Mjukuu akiwa mwaminifu, hakuna kinachosikika. Akiwa si mwaminifu, hakuna rekodi inayomtenganisha na babu yake, maana kwa mfumo wote wawili ni mtu mmoja.

Tawi lilikuwa na dawa ya hili tangu zamani. Palikuwa na fomu ya kuidhinisha mtu wa pili, palikuwa na hati ya uwakili, palikuwa na saini mbili kwenye kadi ya sampuli, na karani alijua kwamba binti wa mama fulani anaruhusiwa kuchukua kiasi hiki na si zaidi. Kwa nini jambo hilo limeshindikana kwenye programu? Mtu angeweza kumruhusu mwanawe aone taarifa ya akaunti pasipo kugusa fedha. Au alipe bili zilizotajwa kwa jina, hadi kikomo fulani. Au miamala mikubwa isubiri wote wawili waidhinishe. Kila mmoja angeingia kwa utambulisho wake, na kila kitendo kingeandikwa kwa jina la aliyekitenda. Wateja wenu wa makampuni wanazo huduma hizo: mhasibu anaandaa malipo, mkurugenzi anaidhinisha, mkaguzi anatazama. Teknolojia ipo na mmeshailipia. Sijasikia sababu ya kuinyima familia.

Kila tangazo la kufunga tawi nililopata kulisoma linasema kwamba wateja wanaoingia wamepungua. Sina sababu ya kuzikataa hesabu hizo. Nina swali juu ya namna zilivyopatikana. Huanza kwa madirisha mengine kufungwa, kisha saa za kazi zinafupishwa, kisha afisa mwenye mamlaka ya kuamua anahamishiwa makao makuu, kisha makato ya dirishani yanapandishwa juu ya yale ya simu, kisha mlinzi wa mlangoni anaagizwa kuwaelekeza watu kwenye mashine. Baada ya hayo yote ndipo wateja wanahesabiwa.

Isitoshe, hesabu ya watu wanaovuka kizingiti inachukulia kwamba kila anayeingia ana shida yenye uzito sawa. Mazoea ya kila siku kweli yamehama, na yamehama kwa haki: kuangalia salio, kulipa umeme, kumtumia ndugu fedha, kupata taarifa ya mwezi. Yaliyobaki tawini ni yale yanayomfika mtu kwa nadra na kumkuta akiwa hana nguvu. Mume amefariki na mjane anahitaji kujua nini kimo kwenye akaunti. Kitambulisho kimepotea pamoja na simu. Akaunti imezuiwa na hakuna anayeeleza kwa nini. Ndoa imevunjika na akaunti ni ya pamoja. Programu yenu inafunguka kwa alama ya kidole cha mwenye akaunti, na haina neno la kumwambia mtu aliyekuja na cheti cha kifo. Mjane yule ataingia tawini mara chache mno katika maisha yake, na katika jedwali lenu atahesabiwa pamoja na aliyeingia kukwepa mvua. Kwamba jambo hutokea kwa nadra hakumaanishi kwamba linaweza kukosa mahali pa kupokelewa.

Baadhi ya nchi zimeanza kuweka mipaka. Uswidi, nchi ambayo husifiwa kwa kuacha noti, imezilazimu kisheria benki zake kubwa tangu 2021 zihakikishe wananchi, isipokuwa sehemu ndogo sana, hawako mbali zaidi ya kilometa 25 na mahali pa kutolea fedha taslimu. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2023, na kanuni zake zilipoanza tarehe 18 Septemba 2024 zikaweka utaratibu ninaouona wa busara: benki inayotaka kufunga tawi itathmini kwanza pengo litakalobaki, na ikionekana kwamba huduma mbadala ya fedha taslimu inahitajika, tawi lisifungwe mpaka mbadala huo uwe umekwisha kufanya kazi. Huo ndio mpangilio sahihi wa mambo. Kasoro yake ni kwamba unazungumzia noti na sarafu. Anayetaka kutoa fedha amekumbukwa. Anayetaka kueleweshwa, kusahihishiwa au kusikilizwa hajatajwa.

Hispania ni mfano wa kinachotokea wakuu wasipowahi. Carlos San Juan, daktari mstaafu wa Valencia mwenye maradhi ya Parkinson, alianzisha mwaka 2022 ombi la umma lenye kauli kwamba yeye ni mzee, si mpumbavu. Zaidi ya watu 600,000 walitia saini. Mwezi Februari mwaka huohuo benki za nchi hiyo zilitia saini ahadi mbele ya serikali: kurefusha saa za huduma za dirishani, kuwapa wazee kipaumbele, kuwafundisha wafanyakazi, na kuweka simu inayopokelewa na binadamu bila gharama ya ziada. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyohitaji uvumbuzi. Zote zilikuwa huduma zilizokuwepo, zikaondolewa kimyakimya, kisha zikarudishwa kwa sherehe.

Niseme kidogo kuhusu siku ambayo mfumo unaanguka, kwa sababu siku hiyo huja. Aprili 2018 benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha wateja wake kwenye mfumo mpya wa kompyuta, na takribani watu milioni 1.9 wakafungiwa nje ya akaunti zao za mtandaoni; matatizo hayakwisha hadi Desemba. Matawi nayo yalitikisika, kwa kuwa yalitegemea mfumo uleule. Wasimamizi waliitoza faini ya pauni milioni 48.65 mwaka 2022, miaka minne baadaye. Funzo ninalolichukua hapo ni finyu: tawi lisilo na uwezo wa kufanya lolote mtandao ukikatika ni sebule yenye nembo. Zamani karani alikuwa na daftari, fomu, kikomo cha kiasi anachoweza kulipa bila kuuliza, na utaratibu wa kuingiza hesabu baadaye. Ningependa kujua ni benki ngapi leo zinaufanyia mazoezi utaratibu wa namna hiyo, na ni wafanyakazi gani waliobaki wanaoujua.

Upande wa vifaa, sitasema mengi. Maandishi ya kijivu juu ya weupe hayasomeki juani wala kwa macho yaliyozeeka. Muda wa kuingiza namba ya uthibitisho ni mfupi mno kwa mtu anayelazimika kutafuta miwani. Simu zenye mfumo wa zamani hukataliwa na toleo jipya la programu, jambo lenye sababu za kiusalama ninazozielewa, lakini taarifa huja siku ileile ya kufungiwa. Umoja wa Ulaya umeyafanya baadhi ya mambo haya kuwa matakwa ya kisheria kwa huduma za benki tangu tarehe 28 Juni 2025, kwa ajili ya watu wenye ulemavu, na kila mtu amefaidika.

Kwa hiyo, Waheshimiwa Wakurugenzi, ombi langu kwenu ni hati moja. Kabla ya kutangaza kufungwa kwa tawi lolote, andikeni kazi zote zilizokuwa zikifanyika ndani yake, zikiwemo zisizotozwa fedha, na mbele ya kila kazi mtaje itakakohamia: ni nani atakayemuuliza mzee kama anamfahamu mpokeaji, ni nani atakayempokea mjane, ni wapi atakapokwenda aliyepoteza simu na kitambulisho kwa siku moja, risiti ya muamala uliokwama itatolewa na nani, na malalamiko yakishindikana kwenye simu yatapokelewa wapi na mtu mwenye jina. Kazi ambayo haina pa kuhamia iandikwe hivyo waziwazi. Hati hiyo waandae walio dirishani, si washauri kutoka nje, kwa maana wao peke yao ndio wanaojua walichokuwa wakifanya. Na wale makarani mnaowapunguza, wapo kati yao wanaofaa kukaa upande wa pili wa simu ya dharura ya utapeli, saa zote ishirini na nne, wakiwa na mamlaka ya kusimamisha muamala badala ya kusoma maelezo yaliyoandikwa na mwingine.

Waheshimiwa Magavana, kwenu ninaomba hati hiyo iwe sharti la kibali, isiwe hisani. Idhini ya kufunga tawi isitolewe kwa takwimu za wanaoingia mlangoni tu, na mbadala uanze kufanya kazi kabla ya kufuli. Hasara ya utapeli igawanywe kati ya benki zote mbili zilizoupitisha. Ruhusa za kifamilia kwenye akaunti zitambuliwe kisheria, zenye mipaka na kumbukumbu, ili masharti ya namba ya siri yaache kuwaadhibu watu kwa kuomba msaada. Na kila benki ieleze hadharani, pamoja na hesabu zake za mwaka, ni kiasi gani imeokoa kwa kufunga matawi na ni kiasi gani kati ya hicho kimetumika kuwahudumia waliokuwa wakiyategemea.

Majibu yenu, kama yatakuwepo, naomba yachapishwe kwenye ukurasa wa kwanza wa programu zenu na yabandikwe pia kwenye milango ya matawi yaliyobaki, kwa maandishi makubwa, kwa lugha ambayo wateja wa tawi husika wanaizungumza.

Wenu mtiifu,

Mteja wa benki